Shaaban Robert na Nchi Zilizopakana na Upepo

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, kusini mwa mji wa Tanga. Alifariki mwezi wa Juni 1962 mjini Tanga, akazikwa Machui, kijiji kilicho jirani na kile alichozaliwa. Ukipima kwa maili, kitovu chake na kaburi lake vimekaribiana mno. Nchi iliyomzunguka, hata hivyo, haikutulia. Alipozaliwa, pwani hiyo ilikuwa sehemu ya koloni la Wajerumani. Alipokuwa hajatimiza miaka sita, mnamo Novemba 1914, majeshi ya Waingereza yaliyoletwa kutoka Bara Hindi yalishuka Tanga na kushindwa vibaya. Miaka miwili baadaye Waingereza walirudi na kuutwaa mji. Mwaka 1920 eneo lote lilipewa jina jipya, Tanganyika, na mwaka 1922 likathibitishwa kuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Mwaka 1946 likahamishiwa kwenye udhamini wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 9 Desemba 1961 likapata uhuru. Marehemu aliuonja uhuru huo kwa kiasi cha miezi sita tu. Jina Tanzania lilibuniwa mwaka 1964, naye alikuwa kaburini kwa miaka miwili. Huyu ambaye vitabu vyote vya historia ya fasihi humwita mwandishi mashuhuri wa Tanzania, jina hilo la nchi yake hakuwahi kulisikia.

Ni vyema jambo hili litangulizwe kwa sababu wanafunzi wengi wa Kiswahili humjua Shaaban Robert kama mwalimu wa maadili. Husomwa kwa ajili ya wema na ubaya, haki na dhuluma, utu na unyama. Usomaji huo una msingi, lakini umefunika swali jingine lililomwandama maisha yake yote, nalo ni swali la kwao. Mtu huwa wa wapi? Je, huwa wa mahali walikotoka babu zake, au wa mahali alipozaliwa, au wa lugha anayoiota usiku? Katika Tanganyika ya wakati wake swali hili lilikuwa na majibu ya kiserikali, na majibu hayo yaliandikwa katika fomu.

Kwa nasaba, Shaaban Robert alikuwa wa asili ya Wayao, watu wa upande wa kusini ambao wengi wao waliletwa pwani na mkondo wa biashara ya misafara ya karne ya kumi na tisa. Baba yake alijulikana kwa jina la Robert, jina ambalo hadi leo huwatatiza wasomaji wanaokutana nalo kwa mara ya kwanza likiwa limeambatana na Shaaban, kwa maana mwandishi alikuwa Mwislamu na aliishi na kufa katika dini hiyo. Yeye mwenyewe hakujiita Myao. Alijiita Mswahili. Msomaji wa leo aweza kuliona jambo hilo kuwa dogo, lakini halikuwa dogo hata kidogo. Kuanzia miaka ya 1920, wakati wa Gavana Donald Cameron, utawala wa Waingereza uliligawa taifa kwa makabila, kila kabila likiwa na mamlaka yake ya wenyeji, mahakama yake na eneo lake. Katika mpango huo ardhi ilifungamanishwa na ukabila: Msambaa na Usambaa, Mzigua na Uzigua, Mgogo na Ugogo. Mswahili alikuwa na nini? Alikuwa na miji ya pwani iliyojaa watu wa kila asili, na alikuwa na lugha. Kwa hiyo mtu aliyechagua kujiita Mswahili, ilhali angeweza kutaja kabila lenye ramani, alichagua utambulisho usiokuwa na hakika ya ardhi nyuma yake.

Mjadala wa Mswahili ni nani umeendeshwa kwa bidii katika vyuo vyetu kwa muda mrefu, na mara nyingi huishia katika orodha za sifa: dini, mavazi, chakula, nasaba, lahaja. Maisha ya Shaaban Robert yanaufanya mjadala huo uwe mgumu zaidi. Hakuna orodha ya nasaba inayoweza kumwingiza, na hakuna orodha ya lugha inayoweza kumtoa.

Alisoma Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926, kisha akaajiriwa na serikali kama karani katika Idara ya Forodha. Kazi hiyo aliifanya hadi mwaka 1944. Pangani ni mmojawapo wa miji aliyoishi katika kipindi hicho, na ni mji ambao mtu mwenye jicho la historia hawezi kuupita bila kusimama. Mwaka 1889 Wajerumani walimnyonga hapo Abushiri, aliyekuwa ameongoza upinzani wa pwani dhidi yao. Karibu na mji huo huo, mwaka 1893, ndipo mkonge ulipoanza kupandwa: kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida kupitia Ujerumani, ni 62 tu iliyofika ikiwa hai, na kutokana na hiyo 62 yakaenea mashamba makubwa yaliyoizingira Tanga yote. Mmea mgeni uliwahi kupata ardhi ambayo wazawa wengi hawakuipata. Vijana kutoka bara na kutoka nchi jirani waliletwa kuukata, wakaitwa manamba, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi zao. Hiyo ndiyo Tanga aliyokulia na kuifanyia kazi Shaaban Robert: mahali ambapo watu wengi walikuwa wametoka kwingine, na ambapo lugha ndiyo iliyowakutanisha.

Forodha ni kazi ya mpakani. Karani wa forodha hukaa pale nchi inapoishia na bahari inapoanzia, akiorodhesha kinachoingia na kinachotoka. Haitakuwa haki kudai kwamba kila taswira ya mpaka katika vitabu vyake ilitokana na meza hiyo, lakini miaka 18 si muda mfupi.

Ndoa yake ya kwanza ilikuwa na Amina, aliyefariki kijana. Tenzi mbili ambazo wanafunzi huzikariri mpaka leo, moja kwa ajili ya binti yake na nyingine kwa ajili ya mwanawe wa kiume, zilitungwa na mzazi aliyetaka watoto wabaki na kitu mkononi. Mojawapo aliiita Hati. Neno hilo lastahili kutazamwa kwa makini. Hati ni maandishi, lakini pia ni karatasi inayothibitisha kwamba mtu ana haki juu ya kitu, hasa nyumba au kiwanja. Karani asiyekuwa na utajiri wa mashamba alimwandikia bintiye hati ya maneno. Wahakiki wengi wamezitaja nasaha zilizomo katika utenzi huo kuhusu dini, unyumba na adabu. Ni wachache waliosimama kwenye kichwa chake.

Mwaka 1944 alihamishwa pwani na kupelekwa Mpwapwa, katika nchi kavu ya Ugogo, akafanya kazi katika idara iliyoshughulikia mifugo na wanyama hadi mwaka 1946. Mpwapwa ilikuwa kituo cha kale cha misafara, na Kiswahili kilifika huko kabla ya reli. Hata hivyo, kwa mtu wa Tanga hapo palikuwa ugenini kwa kila hali: hali ya hewa, chakula, majirani, desturi za mazishi na za arusi. Ndani ya mipaka ya nchi moja alikuwa mgeni. Kilichomwezesha kuishi na kufanya kazi huko ni kile kile alichokichagua kuwa kabila lake. Tajiriba hii yaweza kueleza kwa nini, katika mashairi na insha zake zinazohusu Kiswahili, lugha hulinganishwa na mama na maziwa yake. Wengine wana bonde, kilima au mto wa kuuita mama. Yeye aliita lugha.

Sehemu ya kwanza ya tawasifu yake, Maisha Yangu, ilichapishwa mwaka 1949. Anayekifungua kitabu hicho akitarajia kusimuliwa ukoo, utoto na michezo ya Vibambani atashangaa. Mwandishi anapita haraka sana juu ya asili yake, na anajishughulisha na utu uzima: ndoa, kazi, uhamisho, malezi, utungaji. Baadhi ya wahakiki wameuona huo kuwa upungufu wa kitawasifu. Ni heri kuuona kama msimamo. Mtu aliyezungukwa na utawala uliotaka kila mmoja ajitambulishe kwa kabila la baba yake aliandika maisha yake bila kuanza na kabila la baba yake. Anaanzia pale alipoanza kutenda.

Katika miaka hiyo hiyo alikuwa anaunda nchi. Kusadikika ilitoka mwaka 1951. Kufikirika ilichapishwa mwaka 1967 baada ya kifo chake, ingawa iliandikwa miaka mingi kabla ya hapo. Adili na Nduguze, ya mwaka 1952, ina nchi ya Ughaibuni. Mwanafunzi wa isimu hawezi kukosa kutambua kilichofanyika katika majina mawili ya kwanza. Ni vitenzi vilivyotiwa katika kauli ya kutendeka na kisha kugeuzwa kuwa majina ya mahali: sadiki, kusadikika, fikiri, kufikirika. Jina la kawaida la nchi hutaja watu wake, mto wake au mlima wake. Majina haya hayataji kilichopo, hutaja kinachowezekana. Nchi hizo zimo katika sarufi kabla hazijawa duniani.

Kusadikika, kama kila aliyeisoma anavyojua, ni nchi iliyo angani. Inapoelezwa mwanzoni mwa kitabu, inaelezwa kwa utaratibu wa vitabu vya jiografia vya shule za wakati ule, upande mmoja baada ya mwingine, isipokuwa kwamba inachopakana nacho ni pepo. Mwenye kufahamu majina ya pepo za pwani hutabasamu hapo, kwa kuwa wavuvi na mabaharia wa Tanga walikuwa wakizijua pande za dunia kwa pepo hizo tangu kabla ya ramani za Wazungu. Lakini chini ya mzaha huo pana jambo zito. Ni nchi gani isiyogusa ardhi? Wahakiki wengi wamejibu kwamba mwandishi, akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, aliiinua hadithi yake angani ili isikamatwe. Jibu hilo ni sahihi, ila halitoshi. Mwananchi wa Tanganyika ya miaka ya 1940 alikuwa kweli katika nchi iliyoning'inia. Haikuwa milki kamili ya Uingereza wala haikuwa mali ya wenyeji wake. Ilikuwa amana, na wenye kuitolea hesabu walikaa Geneva na baadaye New York. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilikuwa imetangaza kwamba ardhi yote, iwe inakaliwa au haikaliwi, ni ardhi ya umma chini ya gavana. Marekebisho ya mwaka 1928 yalikubali haki za wenyeji waliokaa kwa desturi zao, lakini msingi ulibaki pale pale. Kwa mujibu wa sheria, miguu ya wengi haikuwa inakanyaga chao. Ukiyajua hayo, nchi ya angani haionekani tena kuwa ndoto ya mbali.

Kesi inayoendeshwa katika riwaya hiyo ni ya Karama, aliyeshtakiwa kwa kutaka kuanzisha elimu ya uanasheria. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, wanne katika pande za dunia, mmoja mbinguni na mmoja ardhini. Kila mmoja alirudi na mema aliyoyaona huko, na kila mmoja akatiwa gerezani. Kosa lao ni kuipenda nchi yao kiasi cha kutaka iige kilicho bora kwingine. Hapa Shaaban Robert anagusa utambulisho kwa namna ambayo haijapitwa na wakati: ni nani mwenye haki ya kusema kwamba fulani si mzalendo? Waziri Majivuno anaamini kwamba kuikosoa nchi ni kuikana. Karama anaamini kinyume chake, na ndiye anayeshinda.

Katika mwaka huo huo wa 1951 uliochapishwa Kusadikika, serikali iliwafukuza Wameru katika ardhi yao ya Ngare Nanyuki, kaskazini mwa nchi, ili iwekwe ranchi za walowezi. Nyumba zilichomwa. Mwaka uliofuata Wameru walimtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, kuwasilisha malalamiko yao. Alisikilizwa, lakini ardhi haikurudishwa wakati huo. Hapana haja ya kudai kwamba riwaya ilitabiri tukio hilo. Iliandikwa kabla yake. Ila msomaji wa Tanganyika aliyekishika kitabu mwaka 1952 alikuwa na mjumbe halisi wa kumfikiria alipofikia kisa cha wale sita.

Kuanzia 1946 Shaaban Robert alikuwa amerudi Tanga, katika ofisi ya wilaya. Mwaka 1952 alihamia Ofisi ya Upimaji Ardhi mjini humo, akabaki hapo mpaka karibu na mwisho wa miaka ya 1950, alipostaafu. Wasifu wake mfupi unaochapwa nyuma ya vitabu hulitaja jambo hili katika mstari mmoja na kuendelea mbele. Lingefaa kutajwa kwa sauti. Mtunzi wa nchi iliyopakana na pepo, mwaka mmoja baada ya kitabu chake kutoka, aliketi katika ofisi ambayo kazi yake ilikuwa kupima ardhi, kuchora ramani na kuthibitisha mipaka ya viwanja. Alikuwa karani, wala hakuwa mpimaji. Lakini karatasi za ofisi kama hiyo zina lugha yake: namba ya kiwanja, ekari, jina la mwenye haki, alama za mipaka. Mchana alihudumia ulimwengu ambamo mahali ni namba. Usiku aliandika.

Yafaa ikumbukwe kwamba hata lugha ilikuwa imepimwa na kuwekewa mipaka. Kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilikuwa imesimika Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Ukanda wa kusini mwa Tanga una lahaja yake, Kimtang'ata, ambayo kwa uamuzi huo ilibaki nje ya vitabu sawa na lahaja za Mombasa na Lamu. Washairi wa kaskazini, wakiwemo wa kwetu Kenya, hawakuufurahia usanifishaji huo, na malalamiko yao yana uzito. Shaaban Robert alichukua njia nyingine. Aliingia ndani ya lugha sanifu, akaipanua kwa msamiati na methali mpaka ikawa na sauti ya mtu, na baadaye akawa mjumbe wa kamati hiyo. Inawezekana kwamba kwa mtu wa nasaba ya bara aliyejifanya wa pwani, lugha isiyokuwa ya mtaa wowote ilikuwa na mvuto wa pekee. Mmombasa aliyeandika Kisanifu alipoteza kitu. Yeye alikuwa na kidogo zaidi cha kupoteza, na hilo lisisahauliwe anapotolewa kama kielelezo kwa kila mtunzi.

Hali ya uchapishaji nayo ilikuwa na jiografia yake. Maisha Yangu na Kusadikika zilichapishwa na kampuni za Uingereza. Pambo la Lugha na Marudi Mema zilipitia chuo kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, mahali hapo hapo ilipochapwa diwani ya Muyaka mwaka 1940. Vitabu kuhusu utu wa Mwafrika vilisafiri hadi mji wa ubaguzi wa rangi ili virudi Tanga vikiwa vimefungwa majalada.

Aliandika pia maisha ya mtu mwingine, naye ni Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyefariki mwaka 1950. Hapa uteuzi wa mhusika unasema mengi. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika ukoo maskini wenye asili ya bara, Wanyamwezi kwa baba na Wazigua kwa mama. Alifinyanga na kuuza vyungu kabla ya kuhamia mjini mnamo mwaka 1911 na kujifunza kuimba. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikawa ndiyo sauti ya Unguja kwa walimwengu. Katika jamii iliyopenda kuhesabu nasaba na kuwanyanyapaa waliotokana na watumwa, mwanamke wa shamba asiyekuwa na jina aliuteka mji kwa lugha na kipaji. Shaaban Robert alimwona Siti kabla hajafa, akamwandikia wasifu ambao hadi leo ni miongoni mwa wasifu bora katika Kiswahili. Ni vigumu kuusoma bila kuhisi kwamba mwandishi alikuwa anasimulia, kwa kiasi fulani, habari za watu wa aina yake mwenyewe: wale ambao pwani iliwaita wageni mpaka pale ilipowahitaji kuwa fahari yake.

Utambulisho wake ulizidi kupanuka. Mwafrika Aimba ilitoka mwaka 1949, Almasi za Afrika mwaka 1960. Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti zaidi ya 3,000, unasimulia Vita vya Pili vya Dunia kuanzia 1939 hadi 1945, na kuzileta katika Kiswahili nchi za Ulaya na Asia ambazo mtunzi hakuwahi kuzikanyaga. Wako wanaosema kwamba utenzi huo unawatukuza mno Waingereza, na shutuma hiyo haiwezi kufutwa kwa kuinyamazia. Alipewa nishani ya MBE na tuzo ya Margaret Wrong. Mtumishi wa serikali tangu mwaka 1953 alikatazwa kujiunga na siasa, na Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali. Palipo na katazo hilo, kazi zake zilikwenda kwa njia ya mzunguko.

Kisha kuna Utubora Mkulima. Utubora anaiacha kazi yenye mshahara mnono mjini, anahamia mashambani, mahali panapoitwa Busutamu, na kuanza kulima kwa mikono yake. Rafiki na majirani wanamshangaa. Mwandishi anamstahi. Ardhi katika riwaya hii imekuwa udongo halisi, wenye jembe, jasho na mavuno, na kwa mara ya kwanza mhusika mkuu wa Shaaban Robert anasimama juu ya kitu. Hata hivyo, jina Busutamu, linalosikika kama busu lililoungana na utamu, linaonyesha kwamba hatujatoka mbali sana na Kusadikika. Kinachokosekana ni ugomvi. Tanga aliyoijua mwandishi ilikuwa na mashamba ya mkonge yaliyoenea maili kwa maili, na ofisi aliyofanyia kazi ilikuwa na mafaili ya viwanja. Swali la ardhi hiyo ni ya nani, nani aliitoa, na kwa nani, halikufanywa kiini cha riwaya. Utubora anaponywa na shamba, shamba lenyewe halishtakiwi na mtu. Wakenya waliosomea fasihi pamoja na kazi za Ngũgĩ wa Thiong'o, ambamo ardhi ni jeraha kabla ya kuwa dawa, huliona pengo hili upesi. Tofauti hiyo haitokani na kipaji. Katika nchi ya Wakikuyu walowezi waliuondoa ukoo mmoja katika ridhaa moja, na ukoo ukajua ulichoibiwa. Mtu aliyejiita Mswahili hakuwa na ridhaa ya kudai. Alichoweza ni kuhamia, kulima na kuzikwa.

Riwaya hiyo ilichapishwa mwaka 1968. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwezi wa Februari 1967, na waraka wa Ujamaa Vijijini ukafuata Septemba ya mwaka huo. Kitabu cha mtu aliyefariki miaka sita nyuma kikawafikia wasomaji wakati taifa zima likihimizwa kurudi shambani, na ikawa rahisi kukisoma kama mwito wa siasa hiyo. Kuanzia mwaka 1973 hadi 1976, operesheni za vijiji ziliwahamisha mamilioni ya watu, wengi wao kwa nguvu, kutoka kwenye makazi na makaburi ya wazee wao hadi vijiji vilivyopimwa kwa kamba kando ya barabara. Shule zilikuwa zinaendelea kumfundisha Utubora. Hakuna kiongozi aliyemtia Utubora katika lori. Aliamka siku moja akaifunga kazi ya ukarani kwa uamuzi wake, na pale Busutamu alipojenga ndipo alipotaka.

Barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia ndugu yake wa mama mmoja, Yusuf Ulenge, kati ya mwaka 1931 na 1958, zilichapishwa Dar es Salaam mwaka 2002 chini ya uhariri wa Mugyabuso Mulokozi. Humo hayupo mwanafalsafa wa Kusadikika wala mtunzi wa nchi za kauli ya kutendeka. Yupo kaka anayeandika akiwa kazini, mbali na nyumbani, kwenda kwa mdogo wake aliyebaki upande wa Tanga.